Kisu cha Mfukoni

Walimu wenzangu watanisamehe ikiwa safari hii sitaandika juu ya ngeli, wala mnyambuliko wa vitenzi, wala tahajia, mambo ambayo aghalabu ndiyo huzijaza kurasa hizi. Nataka kuandika juu ya kisu. Si panga, wala sime, wala kotama ya mgema, bali kijisu cha kukunja kikaacho mfukoni pamoja na chaki na funguo, ambacho mwalimu hukitumia kuchongea kalamu za risasi, kukatia uzi wa mabunda ya madaftari, na kumenyea chungwa wakati wa mapumziko. Katika maisha yangu nimebadilisha kisu cha namna hiyo mara moja tu, na badiliko hilo lilinitia katika fikira nyingi kuliko nilivyotazamia.

Nafundisha Kiswahili hapa Bwizibwera, mji mdogo ulio kaskazini ya Mbarara katika njia iendayo Ibanda. Ni nchi ya migomba na ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Mtu akipita asubuhi na panga begani, hapana anayegeuka kumtazama, maana panga lenyewe limekwisha sema linakokwenda: linakwenda shamba. Kisu cha mfukoni hakisemi neno. Kwa hiyo, ajabu ya mambo, kilicho kidogo hushukiwa zaidi kuliko kilicho kikubwa, na jambo hili mimi nililijua kwa kuchelewa.

Kisu changu cha kwanza nilikirithi. Marehemu baba alikuwa mchuuzi wa ndizi, naye alizoea kuvuka mto Kagera kwa njia ya Kikagati kwenda upande wa Karagwe. Huko ndiko alikokinunua, kabla mimi sijazaliwa. Kilikuwa kisu cha Okapi, na msomaji aliyepata kukiona hawezi kukisahau: mpini wa mti wenye rangi ya kahawia, umepambwa kwa vipande vya madini vya umbo la mwezi mwandamo na nyota, na mgongoni pana pete ndogo. Ukikifungua, meno yaliyo kwenye shina la kengee hupita chini ya kamani moja baada ya jingine, nacho hulia kra, kra, kra, mpaka kikafika mwisho na kukaza. Hakikunjiki tena mpaka uivute ile pete. Nilipokuwa mtoto mlio huo ulikuwa furaha yangu. Baba akirudi safari jioni, kabla hatujamwona uso tulisikia kra, kra, kra nyuma ya nyumba, tukajua kwamba miwa imefika.

Baadaye, nilipokuwa chuoni nikisomea stashahada ya ualimu, nilivutwa na jina lile nikaanza kulifuatilia. Okapi ni mnyama wa msitu wa Ituri, mashariki ya Kongo, jamaa wa twiga, mwenye miraba meupe kwenye mapaja kama punda milia. Wenyeji wa msitu walimjua tangu zamani. Wataalamu wa Ulaya walimtambua mwaka 1901, baada ya Sir Harry Johnston, aliyekuwa Kamishna Maalumu wa Waingereza hapa Uganda, kupeleka ngozi na mafuvu yake London. Mwaka uliofuata, 1902, visu vyenye jina hilo vilianza kufuliwa Ujerumani, katika mji wa mafundi visu uitwao Solingen, ili viuzwe katika makoloni ya Wajerumani barani Afrika, na Tanganyika ilikuwa mojawapo. Mnyama hakupata hata kuzoeleka machoni pa wataalamu, na tayari jina lake limegongwa juu ya chuma likitafutiwa wanunuzi. Wafanyabiashara hawalali. Mwaka 1988 jina na mitambo vilinunuliwa na kampuni ya Afrika Kusini, na huko ndiko vinakotengenezwa mpaka leo.

Nisilolijua wakati ule ni kwamba katika nchi hiyo ya Afrika Kusini, na hata Jamaika ng'ambo ya bahari, kisu hiki kilijipatia sifa mbaya. Watu walikiita kisu cha wahuni. Na sababu mojawapo ilikuwa ule mlio. Mhuni hana haja ya kukuchoma. Humtosha kukifungua mbele yako polepole, jino kwa jino, nawe utaitoa saa yako mwenyewe.

Lakini chuma chake kilikuwa chema, na haki ya mtu apewe. Ni chuma cha pua cha aina ya zamani, kishikacho kutu upesi usipokipangusa. Utomvu wa ndizi hukigeuza cheusi kama chungu, na maji ya chungwa hukitia madoa ya samawati. Ila ukikipitisha mara kumi kwenye kinoo, au kwenye kitako cha kikombe cha udongo pale pasipopakwa rangi, kinakata unywele. Visu ving'aavyo vya siku hizi havishiki kutu, lakini vingi vikiisha kuwa butu ni kazi kuvirudisha. Mwanzo wote wa ualimu wangu nilichongea penseli za wanafunzi kwa Okapi ya baba, maana watoto wanaotumia nyembe tupu hujikata vidole, na daftari la mtihani lenye damu si jambo la kupendeza.

Onyo la kwanza nililipata mjini Mbarara. Tangu mabomu ya Kampala ya tarehe 11 Julai 1990 na ushei, la, nisikosee, ya mwaka 2010, yaliyoua watu zaidi ya sabini waliokuwa wakitazama fainali ya Kombe la Dunia, milango ya majumba makubwa katika miji yetu hulindwa na askari wenye vyombo vya kupimia chuma. Nilikwenda kuchukua mshahara. Chombo kikalia, nikakitoa kisu, na askari, kijana tu, akataka kujua kinavyofunguka. Mimi kwa ujinga wangu nikamwonyesha. Kra, kra, kra. Watu wa nyuma yangu wakarudi hatua tatu. Mama mmoja akamvuta mtoto wake. Askari hakunitukana, alisema tu, "Mzee, hii ni ya kazi gani?" Nikasema ni ya kuchongea penseli. Nilijisikia nikisema uongo, ingawa ilikuwa kweli tupu.

Ningelisahau jambo hilo, lau si lile lililonipata Nakivale.

Nakivale ni makazi ya wakimbizi katika wilaya ya Isingiro, kusini mashariki ya Mbarara, kando ya ziwa lenye jina hilohilo. Ni miongoni mwa makazi ya wakimbizi yaliyo makongwe kabisa barani Afrika: yalianzishwa mwishoni mwa miaka ya 1950 kwa ajili ya Wanyarwanda, na tangu hapo wameongezeka Wakongo, Warundi, Wasomali, Waethiopia na Waeritrea. Palikuwa na darasa la watu wazima la Jumamosi karibu na Base Camp, nami niliombwa kulisaidia kwa muda. Mwalimu yeyote wa Kiswahili wa Uganda angestahili kupelekwa huko akajifunze unyenyekevu. Nilikwenda kufundisha, nikawakuta Wakongo ambao Kiswahili ni maziwa waliyonyonya. Kiswahili chao si kile cha vitabu vyetu, lakini kinacheka, kinaomboleza, kinauza mihogo, mambo ambayo changu cha chuoni kilikuwa bado kinayatafuta.

Siku hiyo somo letu lilikuwa vyombo vya nyumbani. Nilifika kwenye kisu, nikaeleza kwamba jisu ni kisu kikubwa na kijisu ni kisu kidogo, kisha nikawaomba kila mmoja aniambie anakiitaje kwao. Mzee mmoja Msomali akasema mindi. Mnyarwanda akasema icyuma, yaani chuma chenyewe, kana kwamba kisu ndicho kinachostahili jina hilo kuliko vyuma vyote. Kijana wa Kinshasa, sijui alifikaje kwetu, akasema mbeli. Nami nikaongeza omushyo wa Kinyankore na akambe ka Kiganda, nikawaeleza pia kwamba panga kwa Waganda huitwa ejjambiya, neno ambalo si jingine ila jambia letu la pwani, ambalo kwa Waarabu ni kisu kipinde cha kiunoni, mfano wa kile kilicho katika bendera ya Omani. Darasa lilichangamka. Maneno yalijaa ubao. Na katika furaha hiyo, penseli ya mwanafunzi mmoja ilivunjika ncha, nikatia mkono mfukoni.

Kra, kra, kra.

Mama mmoja wa makamo, Mkongo, aliyekaa mstari wa pili, alisimama. Hakupiga kelele. Alikusanya kitenge chake, akamchukua mtoto aliyekuwa amelala juu ya mkeka, akatoka nje. Wengine wawili wakainamisha vichwa. Nilimaliza kuichonga ile penseli kwa sababu sikujua la kufanya, na hakuna penseli niliyopata kuichonga vibaya kama hiyo.

Baada ya somo nilimkuta chini ya mti. Nikaanza kuomba radhi, yeye akanikatiza.

"Mwalimu, siyo wewe. Ni ile sauti."

Nikamwambia ni kisu cha marehemu baba yangu, hakina ubaya. Nikamwonyesha kikiwa kimefungwa. Akalisoma jina lililo kwenye chuma, herufi moja moja, maana kusoma ndiko alikokuwa akijifunza. "O-ka-pi." Akatabasamu kidogo, tabasamu lisilo na furaha.

"Okapi namjua. Mimi ni mtu wa Mambasa. Kule kwetu hata redio ilikuwa Radio Okapi. Lakini okapi ni mnyama wa kimya, mwalimu. Anapita nyuma ya nyumba yako usiku, asubuhi unaona nyayo tu. Huyu wako kwa nini analia?"

Hakunieleza ni sauti gani nyingine aliyoikumbuka, nami sikumwuliza. Meno ya chuma yakipita juu ya kamani hayako mbali na bunduki inayokokiwa. Wala panga linaloburutwa juu ya jiwe halina mlio wa upole. Mtu wa Ituri aliyefika Nakivale ana vitu vingi vya kukumbuka.

Nilirudi Mbarara katika gari lililojaa, kisu kikinichoma paja ingawa kilikuwa kimefungwa. Na hapa wasomaji waniruhusu kutoka njiani kidogo, ingawa sidhani kuwa ninatoka. Sisi tunaofundisha Kiswahili Uganda tunajua tunavyopokewa. Mwaka 1973 Idi Amin alitangaza Kiswahili kuwa lugha ya taifa, na katika miaka ile watu wengi walikisikia kwanza kwenye vizuizi vya barabarani, kikitoka katika vinywa vya askari. Marekebisho ya Katiba ya mwaka 2005 yalikifanya lugha rasmi ya pili, na mwezi Julai 2022 Baraza la Mawaziri liliamua kifundishwe kwa lazima mashuleni. Amri zimepita, lakini masikio hayabadilishwi kwa amri. Mzazi mmoja alipata kuniambia, kwa adabu kabisa, "Mwalimu, lugha hiyo mimi nilifundishwa mara moja tu, nikiwa nimelala kifudifudi barabarani." Wakati ule nilimjibu kwa hotuba ndefu juu ya ushairi, biashara na umoja wa Afrika ya Mashariki. Yote niliyoyasema yalikuwa ya kweli, kama ilivyokuwa kweli kwamba kisu changu ni cha kuchongea penseli. Ila yeye hakuwa akiniuliza kazi ya lugha. Alikuwa akinieleza alivyoisikia ikifunguliwa.

Basi nikaazimia kutafuta kisu kingine cha kwenda nacho mjini na kambini.

Kazi hiyo si nyepesi kama inavyodhaniwa. Kwanza urefu. Nimeona nchi nyingine zimelipima jambo hili kwa rula. Uingereza, kwa sheria ya mwaka 1988, mtu huweza kubeba hadharani kisu cha kukunja chenye kengee isiyozidi inchi 3 bila kuulizwa sababu, mradi kiwe hakijikazi kikifunguliwa. Wajapani wao wanaanza kukuuliza ikizidi sentimita 6. Mimi nilichukua kipimo cha vidole vyangu vinne vikiwa vimeshikana, maana hakuna penseli wala chungwa litakalodai zaidi ya hapo.

Pili ni kule kujikaza. Kisu kinachojikaza kina faida yake, nisiifiche: hakikufungii kidole. Kovu nililo nalo kwenye kidole cha shahada nililipata kwa kijisu kisichojikaza nilichoazima, nilipojaribu kutoboa ukanda wa kiatu kwa ncha yake. Anayefanya kazi ya kutoboa na kukandamiza anahitaji kisu chenye kukaza, au tuseme ukweli, anahitaji chombo kingine. Mwalimu hukata kwa kuvuta, hakandamizi. Mwenzangu afundishaye Kifaransa alinionyesha Opinel yake, visu vilivyoanzishwa na Joseph Opinel wa Savoie mwaka 1890. Pete ya shingoni, iliyoongezwa mwaka 1955, huzungushwa tu nayo hukaza kimya kabisa. Nilikitamani sana. Lakini chake kilikuwa namba 8, chenye kengee ya sentimita 8 na nusu na ncha kali, nami niliwaza juu ya yule mama aliyemvuta mtoto wake mlangoni.

Tatu, na hili sikulisoma popote, ni namna ya kufunguka. Nilitaka kisu kinachohitaji mikono miwili: mmoja ushike mpini, na ukucha wa mwingine uingie katika mfuo wa kengee na kuivuta. Mtu anayefungua kisu kwa mikono miwili, ameinamisha kichwa akitafuta mfuo kwa ukucha, hawezi kumtisha hata kuku. Kisu cha namna hiyo hukupa nafasi, wewe na walio mbele yako, ya kuona kinachofuata.

Na rangi. Cheusi nilikikataa. Mswisi Karl Elsener, aliyeanza kazi ya visu huko Ibach mwaka 1884 na ambaye mwaka 1897 aliandikisha kile kisu cha maofisa kijulikanacho dunia nzima, warithi wake waliviachia mipini myekundu, navyo huonekana kama vifaa vya shule hata mikononi mwa wanajeshi. Ila halisi yake ilizidi mfuko wangu, na vile nilivyoonyeshwa katika maduka ya Mbarara vyenye majina makubwa makubwa vilikuwa na kamani zilizolegea, na mikasi isiyokata hata uzi wa buibui.

Mwishowe nilikipata sokoni, kwa mchuuzi wa kufuli na tochi. Hakina jina. Mpini wake ni wa plastiki ya manjano, kengee ni moja, urefu wake hautimii vidole vinne, nacho hakijikazi. Nilikitazama kwenye mwanga kuona kama kengee inakaa katikati ya mpini bila kugusa upande. Nilikata ukurasa wa daftari, ukakatika bila kuraruka. Nilikifungua na kukifunga karibu na sikio, mchuuzi akanitazama kama mtu anayenunua saa. Palisikika "tk" moja tu, ya kufunga. Bei yake haikufika nusu ya bei ya kamusi ndogo.

Okapi ya baba iko jikoni. Mke wangu huimenyea matoke, na imekuwa nyeusi tena kama enzi za baba. Sikumkataza asiivute pete kwa nguvu. Watoto wakiisikia asubuhi huja mbio, wakidhani pana miwa.

Jumamosi iliyofuata nilikipeleka kijisu changu cha manjano Nakivale, na nakiri nilikuwa na shauku ya kitoto ya kumwonyesha yule mama. Hakuwapo. Jirani yake aliniambia amehamia upande wa Rubondo kwa ndugu yake, na hakuna aliyejua kama kule atapata darasa. Nilikifungua hata hivyo, kwa mikono miwili, nikachonga penseli tatu. Hakuna aliyeinua kichwa ila yule mzee Msomali, aliyenyosha mkono akiomba kukiona. Alihangaika na ule mfuo kwa ukucha wake mnene, akashindwa, akajaribu tena, akakifungua, akakifunga, akatikisa kichwa.

"Mindi nzuri," akasema. "Lakini kavu. Tia mafuta, mwalimu."

Nilipofika Bwizibwera jioni nilipitia kwa fundi wa cherehani aliye karibu na stendi, akanitilia tone moja la mafuta ya mashine penye ribiti, akakifungua mara mbili tatu, akanirudishia bila kutaka malipo.